Redio ya gari ndani ya karavani ya ami

Mwaka 2009 ami yangu alikua askari wa ploti moja kule Shelly Beach, Likoni, Mombasa, na makao yake yalikua karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari. Mwenye ploti aliiwacha hapo miaka na miaka mpaka tairi zikaoza, ikawa imekaa juu ya matofali chini ya mvinje. Ndani mna kitanda kimoja, kabati za plaiwudi, na dirisha la kutazama bahari. Stima hakuna.

Ami alikua na kiredio chake cha betri za tochi lakini chumvi ya bahari ilishakimaliza, na Ramadhani hio inakaribia, mwaka ule iliangukia mwezi wa 8. Siku moja nimemletea samaki akaniambia, "Mwanangu, msikiti uko mbali na huu upepo wa kusi sisikii adhana sawasawa, mwezi ukiandama mie ntajuaje?" Hakuniomba kitu, alisema tu. Lakini mtu amenilea tangu babangu alipofariki, maneno kama hayo nlirudi nayo mpaka nyumbani Majengo na usingizi sikupata.

Kesho yake nkaenda Mwembe Tayari kwa fundi mmoja mzee wa redio, nkanunua redio ya gari ya mtumba, ya kaseti, pamoja na spika mbili za inchi 6 na nusu. Ya kaseti nliichagua makusudi, ami ana mkebe wa biskuti umejaa kaseti za taarabu za Juma Bhalo na tangu kiredio kife hajazisikia. Betri ya gari tulipata kwa rafiki yake ami, tukaichajisha, nkavuka nayo feri begani kwenye gunia, na wakati ule zile feri mpya, MV Likoni na MV Kwale, hazijaja bado, zimekuja 2010, kwa hivo ule msongamano wa watu na jua na betri begani wacha tu.

Nlikua nshafunga redio kwenye gari mbili tatu nkajiona naweza. Nkakata tundu kwenye plaiwudi ya kabati, upana milimita 182 na kimo 53, redio zote za gari za saizi ile zaingia hapo, ikakaa vizuri kama imezaliwa nayo. Shida ikaanza kwenye waya. Kwenye gari ule waya mweusi unaubana popote kwenye bodi, bodi yote ni chuma na negativu ya betri imefungwa hapo hapo, basi moto unarudi kupitia bodi. Karavani si gari. Hii ilikua mbao tupu, nje wameivalisha bati la alumini, na hilo bati halijaunganishwa na betri popote. Mimi nmefunga waya mweusi kwenye fremu ya dirisha nangoja redio iwake, kimya. Mpaka nlipouvuta waya mrefu kutoka kwa redio mpaka kwenye betri yenyewe chini ya kitanda ndio taa zikawaka.

Sasa hapo kwa furaha ndio nkafanya kosa kubwa. Gari ya kwanza nliojifunzia ilikua ya zamani sana, spika zake waya mmoja unatoka kwa redio na wa pili unafungwa kwenye bodi, basi na hapa nkazichukua negativu za spika zote mbili nkazifunga pamoja kwenye ule waya mweusi wa betri ili nisivute waya nyingi. Nkawasha. Ikalia kidogo tu, sauti inakwaruza, halafu nkasikia harufu ya plastiki inaungua, moshi mwembamba ukatoka kwenye mlango wa kaseti, basi. Nlikaa chini kwenye sakafu siwezi hata kumtazama ami usoni. Yeye akaja akanishika mkono akaugeuza geuza, "Hujaungua?" Nkamwambia la. "Basi alhamdulillahi, redio zipo nyingi."

Nkarudi Mwembe Tayari. Yule fundi mzee hakunicheka, aliifungua redio akanionyesha ile IC, chipu ya kukuza sauti, iliopasuka katikati, kipande kidogo cheusi kimebanwa kwenye chuma cha kupoza, akanieleza kwamba redio za sasa kila spika ina waya wake mbili na zote mbili zinatoka kwenye IC, zote zina moto. Negativu ya spika si negativu ya betri, ukizikutanisha ni shoti. Maneno hayo nmeyashika mpaka leo na kila kijana nayemfundisha namwanzia hapo. Akanibadilishia redio kwa kuongeza pesa kidogo, akanichorea na rangi kwenye karatasi ya sigara: nyeupe na nyeupe yenye mstari mweusi spika ya kushoto, kijivu na kijivu yenye mstari ya kulia, kijani na zambarau za nyuma usizitumie, zifunge tepu kila moja peke yake zisigusane. Manjano ipeleke moja kwa moja kwa betri kupitia fyuzi, hio ndio ya kumbukumbu, inaweka saa na stesheni. Nyekundu ndio ya ufunguo wa gari, na kwa sababu karavani haina ufunguo, weka swichi.

Safari hii nlifanya polepole, kila kiungo nkakilehemu, sikusokota tu, maana hewa ile ya baharini waya wa kusokota waota kijani upesi sana. Ikalia. Lakini sauti ilikua nyembamba, besi hakuna, utadhani inatoka kwenye simu. Nkazima nkafikiri sana, halafu nkakumbuka kitu nlichowahi kuona fundi akifanya, nkachukua betri ya tochi, nkatoa waya za spika kwenye redio nkazigusisha kwenye betri, huku vidole vya mkono wa pili nmeviweka taratibu juu ya ile karatasi ya spika. Ya kushoto ikasukuma vidole nje, tuk. Ya kulia ikavuta ndani. Kumbe moja nimeifunga kinyume, hii ikisukuma upepo ile inauvuta, besi inaliwa hapo katikati. Nkageuza waya za ya kulia, nkawasha tena, na ile plaiwudi ya kabati ikaanza kutetemeka. Ami alikua nje anaparua nazi, akasimama mlangoni na mbuzi ya nazi mkononi.

Iliobaki ni antena. Ndani ya bati lile redio ilikua inapiga shhh tu, basi nkaiweka nje juu ya paa, nkaikwangua rangi pale inapokaa ili ishike alumini, waya nkaupitisha kwenye mpira wa dirisha nsije nkatoboa paa mvua ikamuingilia mzee. Pwani FM ikaingia safi.

Siku ya kungoja mwezi nlikwenda nkalala kwake. Baada ya magharibi tukakaa wawili kwenye kitanda, sauti chini, ami amelishika tasbihi lake hasemi. Tangazo lilipokuja kwamba mwezi umeandama alifunga macho, midomo inaenda, halafu akanipa mkono, "Ramadhani karim mwanangu," nkambusu ule mkono. Akatoa kaseti moja ya Bhalo kwenye mkebe, akaitazama, akairudisha. "Hii mpaka Idi," akasema, akazima swichi mwenyewe.

Usiku wa manane akaniamsha kwa daku. Akabonyeza swichi, taa ya kijani ikawaka, saa ni ileile sawasawa na stesheni ni ileile tulioiwacha. Akageuka akanitazama, "Haijasahau!" Halafu akanipakulia mie kwanza.