Tepe za Upande wa Kulia: Nilivyojifunza Kuvaa Tunu za Kikosi

Nilipopangiwa Fort Stewart, Georgia, kwenye Divisheni ya 3 ya Askari wa Miguu ya Marekani, koti langu la sare ya buluu lilikuwa na tepe chache upande wa kushoto, zile anazopata karibu kila kuruta akimaliza mafunzo. Sajenti wangu alinikagua kuanzia viatu hadi kola, akaniambia upande wa kulia uko uchi. Akanipa orodha fupi na kunituma duka la sare. Nikarudi na utepe wa buluu tupu wenye fremu ya dhahabu, pamoja na kamba iliyosukwa kwa nyuzi za kijani na nyekundu, ya kuvaa bega la kushoto.

Nilijipiga picha nikamtumia mama Kakamega. Badala ya pongezi likaja swali.

"Mwanangu, si juzi tu umeingia? Umepigana vita gani tayari?"

"Mama, hizi si zangu. Ni za kikosi."

"Sasa kama si zako, mbona umezivaa wewe?"

Babu, yaani baba yake mama, alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza, na nyumbani tulijua kwamba nishani ni ya aliyeitolea jasho. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, nikaamua kulitafuta.

Utepe wa buluu ni Presidential Unit Citation, tunu ambayo Rais Roosevelt aliianzisha kwa amri ya Februari 1942. Haipewi mtu, inapewa kikosi kizima kwa ushujaa mbele ya adui, na kipimo chake ni kikali: kitendo cha kikosi lazima kifikie kiwango ambacho mtu mmoja angepewa Distinguished Service Cross, nishani inayofuata Medali ya Heshima yenyewe. Chini yake kuna Valorous Unit Award, ya mwaka 1966, ambayo kipimo chake ni Silver Star, nishani ya ushujaa iliyo chini ya Distinguished Service Cross. Divisheni yetu ilipata ya Rais kwa mapigano ya Colmar, Ufaransa, mwanzoni mwa 1945, halafu ikapata tena kwa uvamizi wa Iraki mwaka 2003. Ile kamba ni foragere ya Wafaransa, inayotolewa kwa kikosi kilichotajwa mara mbili katika maagizo ya jeshi lao. Rangi zake ni za nishani yao ya Croix de Guerre.

Jibu la mama lilikuwa ndani ya kanuni za jeshi la nchi kavu. Aliyekuwa kikosini wakati wa tukio anavaa daima, hata akihamishwa au akistaafu. Aliyekuja baadaye anavaa kwa muda tu, maadamu yumo katika kikosi hicho. Kilichonishangaza ni kwamba tepe zenyewe hazitofautiani hata kidogo. Sajenti wangu aliingia Baghdad mwaka 2003, mimi mwaka huo nilikuwa nachezea mpira wa makaratasi. Tukisimama mstari mmoja, fremu zetu za dhahabu ni pacha. Nilimwuliza kama hilo halimkeri. Akasema kazi ya utepe kwa mgeni ni kumkumbusha ameingia nyumba ya nani. Nilimwelewa, ingawa hadi leo naona wangeweka japo alama ndogo ya kuwatambulisha waliokuwepo.

Waingereza wana njia yao. Heshima za vita hushonwa kwenye bendera ya rejimenti, na kifua cha askari hakiongezewi kitu. Ila askari wa rejimenti ya Gloucestershire walipigana mto Imjin, Korea, Aprili 1951, Wamarekani wakawapa hiyo hiyo tunu ya Rais, nao wakaivaa mikononi, juu ya mikono yote miwili ya koti. Warithi wao, The Rifles, bado wanaivaa hapo.

Sasa kuvaa kwenyewe, maana hapa ndipo bodi ya kupandishwa cheo inapomkamata mtu. Kwa mwanamume, ukingo wa chini wa tepe unakaa thumuni ya inchi, kama milimita 3, juu ya kifuniko cha mfuko wa kulia. Mwanamke anapimia nusu inchi juu ya kibao cha jina. Fremu ina majani ya mlaureli, nayo yaelekee juu. Ukiipachika kichwa chini, mkaguzi mwenye jicho kali anaiona akiwa mlangoni. Tunu kubwa inakaa upande wa mkono wako wa kulia, si karibu na vifungo kama wengi wanavyodhani. Kila aina ya tunu ina utepe mmoja tu, na kikosi kikipata tena unaongeza jani dogo la mwaloni la shaba, kikonyo kikielekea kulia kwako.

Idadi ya majani usiichukue kwa jirani wa bwenini. Batalioni mbili za divisheni moja zinaweza kuwa na hesabu tofauti, kwa sababu kila moja ina historia yake. Mimi nilikwenda ofisi ya utumishi ya batalioni, nikaomba hati ya ukoo na heshima za kikosi, inayotolewa na kituo cha historia cha jeshi. Imeorodhesha kila tunu na tukio lake. Nilitoa nakala, nikaitia kwenye folda ya bodi. Mjumbe mmoja aliponiuliza utepe wa buluu ni wa nini, nilimtajia Colmar na Iraki, akageukia swali la ramani.

Nilipohamishwa, siku ya kuripoti kituo kipya nilikuwa nimeshavua utepe na foragere. Nikaanza upya na hati ya kikosi kipya.

Kazi ngumu zaidi ilikuja baadaye. Kikosi changu cha zamani kilipewa Meritorious Unit Commendation, ule utepe mwekundu, kwa kipindi nilichokuwa nacho ng'ambo. Huo si wa ushujaa wa vitani, ni wa utumishi uliotukuka, lakini kwangu ni wa kudumu. Amri ilitoka nikiwa nimekwishaondoka, na hakuna aliyenitafuta. Nililijua jambo hilo kupitia kundi letu la WhatsApp. Karani wa kwanza aliniambia, "Siuoni kwenye faili, basi huna." Nikaleta amri ya kudumu yenye namba na tarehe za kipindi kinachotuzwa, nikaweka kando amri yangu ya kupelekwa ng'ambo na karatasi ya tathmini inayoonyesha nilikuwa kikosi kipi miezi ile. Tarehe zikaingiliana. Karani mwingine akazisoma mara moja, akaandika, na wiki iliyofuata rekodi yangu ilikuwa na mstari mpya.

Askari wapya wanaotoka kwetu huwa naanza kuwauliza jambo moja kabla hawajaenda dukani: hati ya kikosi chako umeiona?