Siku moja maishani mwangu: fundi wa injini ndogo, Newala

Saa 11 alfajiri naamshwa na mashine za kupulizia salfa, zile za kubebwa mgongoni, zikiunguruma kwenye mikorosho. Mwezi wa sita Newala ni baridi na ukungu, na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ukiyawahi maua, hakuna korosho. Ndiyo maana watu hupuliza mapema, umande ungali kwenye majani ili unga wa salfa ushike, na upepo haujaanza. Nikiwa bado kitandani naitambua mashine iliyopita mikononi mwangu, na ile inayokohoa kwa sababu chujio la hewa limeziba salfa. Hiyo ya kukohoa nitaiona mchana.

Saa 2 nafungua. Mpaka saa 4 nimeosha kabureta tatu, nimebadilisha plagi mbili na kamba moja ya kuwashia, na nimemwambia mzee mmoja kwamba mashine yake ilipewa petroli tupu bila oili, kwa hiyo atafute pistoni mpya.

Hapo ndipo akashuka kijana kwenye bodaboda, amekumbatia boksi. Anafanya kazi Mtwara mjini, amekuja kuwasalimia wazazi. Ndani ya boksi mlikuwa na gari la rimoti, na si la betri. Lina injini kabisa, silinda moja ya sentimita za ujazo 2.5, unaifumba kiganjani. Alilipata kwenye mitumba Dar es Salaam kwa shilingi 40,000, pamoja na chupa ya mafuta yake ambayo haijafunguliwa.

"Fundi, haiwaki. Nimevuta mpaka kamba imekatika."

"Uliweka mafuta gani?"

"Petroli. Ile chupa nilidhani ni dawa ya kusafishia."

Kwenye benchi walikuwepo wakulima watatu wanangoja. Mmoja akauliza kama siku hizi natengeneza midoli. Neno hilo linaniuma. Injini inayovuta, inayobana na inayochoma ni injini, iwe ya lori au ya kutosha mfukoni, na hii ndogo ina masharti magumu kuliko pikipiki. Haina koili wala cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platinamu. Unaupasha moto kwa betri wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo mvuke wa methanoli, spiriti iliyomo kwenye mafuta yake, ukigusa platinamu, pamoja na joto la kubanwa, waya unabaki mwekundu wenyewe. Petroli haiwezi kuufanyia hivyo. Tena oili ya injini hii imo ndani ya mafuta yake, kwa hiyo kwa petroli tupu ni chuma kwa chuma.

Nikamaliza mashine za wakulima kwanza, kwa sababu salfa haingoji. Saa 7 nikala muhogo nimesimama.

Kisha nikalikabili lile gari, na kijana akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. Mpira wa mafuta ulikuwa umevimba na kuchomoka, maana silikoni haipatani na petroli. Nikamkatia kipande kipya. Nikatoa plagi, nikamwaga petroli iliyojaa chini ya pistoni. Injini haikuzunguka. "Shika flaiwili kwa koleo, izungushe kwa nguvu," akasema. Nikakataa, konrodi, ule mkono wa pistoni, ya injini hii ni nyembamba, ingepinda. Kilichokuwa kimeikamata ni oili ya zamani. Mafuta haya huchanganywa mafuta ya nyonyo, na nyonyo likikaa miaka hugeuka gundi ya rangi ya asali. Nikaazima draya kwa dada wa saluni ya jirani, nikaipasha injini taratibu, nikadondosha oili nyepesi, nikangoja, nikapasha tena. Umeme ukakatika. Tukakaa karibu saa nzima, naye akaniuliza mara nne kama itapona.

Umeme uliporudi ikalegea, ila kila pistoni ilipofika juu ilibana. Akasimama: "Si unaona bado imekwama! Piga msasa kidogo." Hapo nilipandisha sauti, na sijutii. Pistoni hii haina ringi. Silinda yake imefanywa na tundu jembamba kidogo kule juu makusudi, ndiko kompresheni inakotoka, na ikipata moto inatanuka na kuachia nafasi. Ukipiga msasa umeiua, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kutoka hapo sikuangalia saa tena. Kabureta ilikuwa na uchafu kama ugoro. Kamba nikatumia nailoni nyembamba ya mafundi ujenzi. Alipoona nachukua betri kubwa ya tochi, volti 1.5, akaniletea ya pikipiki: "Hiyo ndogo itaweza?" Volti 12 zingeukata ule waya papo hapo. Nikaushika mwisho wa plagi kwenye betri yangu, nikaukinga kwa kiganja, ukawaka rangi ya chungwa. Alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikajaza mafuta ya ile chupa, nikafungua sindano kubwa ya kabureta, inayopima mafuta, mizunguko miwili na nusu, nikawasogeza watoto mbali, kwa sababu moto wa methanoli mchana hauonekani. Nikavuta mara tisa, kumi. Ya kumi na moja ikadaka ikazima. Nikafungua sindano robo zaidi, nikavuta, na ikalia kwa sauti kali kama nyigu ndani ya debe, ikitoa moshi mweupe wenye harufu ya nyonyo. Moshi ule ndio niliotaka, ndio dalili kwamba oili inafika. Nikadondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Lilichemka polepole likaisha, kwa hiyo joto lilikuwa sawa. Yule mkulima wa midoli alikuwa amerudi. Alisimama mpaka nilipoizima, akaomba kuishika.

Nikadondosha oili kwenye tundu la plagi ili beringi zisipate kutu, nikamwandikia kijana SUMU kwenye chupa ya mafuta yake, maana methanoli ikinywewa inapofusha na inaua. Alinilipa 15,000. Siku nzima, 15,000.

Giza lilikuwa limeingia mama mmoja alipofika na mashine kichwani. Shikamoo, marahaba, kesho saa 11 ni zamu ya shamba lake. Mgongo ulikuwa unaniuma. Nikawasha tochi, nikafungua kabureta, salfa ikanimwagikia mikononi. Ilipoguruma kwa mvuto mmoja, aliweka sikio karibu, akasikiliza kama mimi ninavyosikiliza.

"Ikinizimikia kesho, mwanangu, nitakuja kukugongea."

"Gonga, mama."

Akaipandisha kwenye bodaboda, wakaondoka.