Kumshukuru mwalimu wa Kiswahili kwa kuitaja kazi yake

Walimu wa Kiswahili huambiwa "asante kwa kila kitu" kila mwisho wa mwaka, nao hufurahi. Lakini shukrani inayomgusa mwalimu hasa ni ile inayoitaja kazi yenyewe: somo lipi, kosa lipi alilokuondolea, na alitumia njia gani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa mwanafunzi akiwa ameshalala, kwa hiyo nataka kuieleza kwanza kabla ya kufika kwenye barua.

Chukua insha. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 aandike insha mbili: ile ya lazima, na nyingine anayoichagua kati ya tatu zilizobaki. Kila insha ina alama 20 na urefu wa maneno 400 hivi. Hakuna anayefika hapo bila kuandika, kurudishiwa na kuandika tena. Darasa la wanafunzi 45 likiandika insha moja, mwalimu ana maneno 18,000 ya kusoma. Akitumia dakika 10 kwa kila daftari, hizo ni saa 7 na nusu nje ya vipindi. Anayetoa insha kila baada ya wiki mbili, na kuirudisha kabla hajatoa nyingine, anastahili heshima kubwa kuliko tunavyompa.

Na si kusoma tu. Kosa la sarufi hupigiwa mistari miwili chini yake, la tahajia mstari mmoja, tena pale linapotokea mara ya kwanza pekee. Utaratibu huo una sababu nzuri. Aliyeandika "viatu zangu" mara sita ana tatizo moja, si sita, na daftari lililojaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini hufungwa lisifunguliwe tena. Mwalimu hodari huongeza hatua ambayo uchovu huwafanya wengi waiache: huandika pembeni aina ya kosa, kwa mfano "ngeli" au "rejeshi", bila kuandika jibu, kisha hudai masahihisho. Akiliandika jibu yeye, mwanafunzi atalinakili tu, na insha ijayo kosa litarudi vilevile.

Kosa linalomtambulisha mwalimu mzuri upesi zaidi ni lile la urejeshi: "kitabu ambacho nilichokinunua." Mwanafunzi amerejesha mara mbili, kwa "amba-" na kwa "-cho-" iliyo ndani ya kitenzi. Kumwambia "umekosea" hakumsaidii. Mwalimu anayejua kazi huandika sentensi hiyo ubaoni, hufuta "ambacho", darasa lisome. Huirudisha, hufuta "-cho-", lisome tena. Zote mbili zinasimama: "kitabu nilichokinunua", "kitabu ambacho nilikinunua." Kisha huonyesha mahali ambapo uchaguzi huo haupo. Ukitumia "-me-", lazima uende na "amba-": "kitabu ambacho nimekinunua." Ukikanusha wakati uliopita, pia: "ambacho sikukinunua." "Nisichokinunua" ni sahihi, ila hakisemi ni lini. Dakika 20 za namna hiyo huondoa kosa ambalo watu wazima wengi, hata wanaosoma taarifa redioni, bado wanalo.

Matamshi yanahitaji subira ya aina nyingine. Mtoto ambaye lugha yake ya mama haitofautishi "l" na "r" hakosei kwa uvivu. Sikio lake halijazoezwa kuzitenganisha. Ndiyo maana mwalimu mzuri huanza na kusikia: hutamka jozi kama kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, na wanafunzi huonyesha kwa kidole ni neno lipi la jozi wamelisikia. Midomo hufuata baadaye. Kwa "l", ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na kutulia, na sauti inaweza kuvutwa muda mrefu. Kwa "r", ncha hupiga na kuachia. Dakika 5 mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha. Zikizidi, mwanafunzi huanza kugeuza hata maneno aliyokuwa akiyatamka vizuri. Darasa likicheka, ananyamaza muhula mzima. Mwalimu anayezuia kicheko hicho, na kusahihisha kwa kuirudia tu sentensi ya mtoto ikiwa imenyooka, amemwokoa mtu asiichukie lugha maisha yake yote. Kwangu mimi hilo ndilo la kushukuriwa kwanza.

Sasa barua. Iandike kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa barua ya kirafiki aliokufundisha: anwani yako na tarehe juu kulia, "Kwa Mwalimu mpendwa", salamu fupi, kiini, kisha "Wako mwanafunzi" na jina lako kamili pamoja na mwaka uliomaliza shule. Mwaka ni muhimu, kwa sababu amefundisha mamia. Katika kiini taja jambo moja au mawili, si kumi. Andika alichofanya, kisha unakitumia wapi leo: ripoti unazoandika kazini, hotuba za harusi, mtoto wako unayemsaidia kazi ya ziada. Usirundike methali na tamathali kama uliyekuwa ukitafuta alama, ataona unaigiza. Kisha kagua upatanisho wa kisarufi mara mbili, kwa sababu atausoma na jicho lake halijastaafu.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, au 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, zinafaa kuipeleka, ingawa siku yoyote ni njema. Kama bado anafundisha, mpe mwalimu mkuu nakala. Kazi ya kusahihisha huonekana na wachache sana, na aliye juu yake aijue. Kama amehama au amestaafu, ofisi ya shule au walimu wenzake wa idara ya Kiswahili kwa kawaida wanajua aliko. Weka namba yako ya simu chini ya jina, maana huenda akataka kukupigia.