Sumu tatu na kiini cha yai

Siku tatu mfululizo sahani zangu za maabara zilikaa kimya. Nilikuwa nalinganisha sumu ya kifutu, swila mtema mate na koboko, nijue ipi ina fosfolipesi A2 kali zaidi, kile kimeng'enya kinachokatakata mafuta ya utando wa seli. Njia yenyewe haina makuu: unakoroga kiini cha yai kwenye agari, ute wa mwani unaoganda kama jeli, unamimina, ikiganda unatoboa vishimo na kutia sumu. Kimeng'enya kikifanya kazi, ule ukungu wa yai unatoweka na duara angavu linabaki kuzunguka kishimo. Mimi sikupata hata duara moja.

Nikalaumu sumu. Nikalaumu mayai. Mama anayetunza maabara ndiye aliyeinua chupa yangu ya bafa, kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi, akasoma lebo. "Kijana wangu, hii bafa ni ya watu wa DNA. Ina EDTA." Nilitamani sakafu inimeze. EDTA hunyakua kalsiamu, na bila kalsiamu fosfolipesi hii haifanyi lolote.

Nikaanza upya, safari hii na kloridi ya kalsiamu ndani ya agari. Kupima unga wa sumu kwenye mizani nako niliacha, maana ni mwepesi mno, unarukia kijiko na glavu. Niliyeyusha kwanza, nikapima protini kwa rangi ya Bradford, inayogeuka buluu ikikutana na protini, kila kishimo kikapata mikrogramu 10. Bila hivyo unalinganisha vipimo vyako, si nyoka.

Asubuhi swila alikuwa na duara pana, kifutu dogo, koboko hana kitu. Nilikuwa tayari kurudia, msimamizi wangu akacheka: koboko haui kwa kimeng'enya hiki, anategemea protini ndogondogo zinazovuruga neva. Lakini asitupwe. Mwaka 2012 watafiti Ufaransa walitangaza mambalgini, protini ndogo kutoka sumu yake, zinazotuliza maumivu ya panya. Hata captopril, dawa ya presha, chanzo chake ni peptidi fupi za jararaca, nyoka wa Brazili.

Kifutu naye alilipiza kwenye jaribio la pili, la filamu kuukuu ya eksirei, plastiki iliyopakwa jelatini, ambayo ni protini. Tone lake lilikula jelatini hadi plastiki ikabaki wazi; wenzake waliacha alama hafifu. Hapo nikaichukua ile chupa ya aibu kwa makusudi, nikachanganya EDTA na sumu ya kifutu kabla ya kudondosha. Filamu ilibaki nyeusi vilevile. Vimeng'enya vyake vinavyokula jelatini vinaendeshwa na zinki, na EDTA ilikuwa imeinyakua.