Kumbe ya kuogopwa ni lami

"Na usipitie Karura," mama aliniambia nikifunga kofia ya baisikeli. Nilipoondoka Nairobi mwaka 2008, Karura lilikuwa jina la kutisha watoto: msitu wa majambazi, mahali pa kutupwa maiti. Miaka 16 nimeishi Leipzig, nimerudi na masanduku mawili na baisikeli moja, na onyo ni lilelile.

Baisikeli yenyewe ni ile wanayoiita ya graveli. Usukani umepinda kama wa mashindano, lakini tairi ni nene, milimita 40, za kupita kwenye lami na kwenye murramu bila kubadilisha kitu. Kule Ujerumani nilijiona nimenunua jambo jipya. Kumbe baba mdogo, aliyekuwa akibeba madebe ya maziwa kwa baisikeli yake nzito ya Black Mamba kutoka Githunguri kila alfajiri, aliianza kazi hiyo zamani. Tena bila gia.

Nilitoka Roysambu saa moja asubuhi, baridi ya Julai ikiuma vidole. Thika Road niliyoiacha mimi ilikuwa ya foleni na mizunguko. Hii iliyozinduliwa 2012 ina njia ya baisikeli pembeni, nami nikajiambia leo ni kuteleza tu hadi Muthaiga. Niliteleza kama mita 200. Mama wa mahindi alikuwa amepanga jiko lake katikati ya njia. Bodaboda wawili wakanijia uso kwa uso, mmoja ananipungia mkono nisogee. Mbele kidogo mtaro hauna kifuniko, mtu mwenye huruma amechomeka tawi ndani ya shimo liwe alama. Mama wa mahindi simlaumu, wateja wake wanapita hapo. Lakini nilifika Muthaiga vidole vimekufa ganzi kwa kushika breki.

Kwenye lango la Karura la Kiambu Road nililipa kwa simu, nikainama na kupunguza upepo kwenye tairi zote mbili. Wanaoanza huwa wanaruka hatua hii. Tairi iliyojaa ya lami hudundadunda kwenye mizizi na kokoto, mikono ikachoka kabla ya miguu; ukiitoa upepo kidogo inakumbata ardhi.

Halafu kimya. Udongo mwekundu ulikuwa na unyevu wa usiku, umeshikana vizuri, tairi zinatoa sauti kama ya mtu anayepasua karatasi polepole. (Aprili msije. Udongo huohuo ukilowa sawasawa hugeuka ugali, unajaza breki hadi gurudumu linakataa kuzunguka.) Njiapanda zina nguzo zenye namba, kwa hivyo kupotea ni kujitakia. Nilipita mikaratusi, nikashuka hadi maporomoko ya mto Karura, nikapanda tena nikihema. Juu ya mti mmoja mbega walikuwa wamekaa, mikia myeupe imening'inia kama taulo zilizoanikwa. Akina mama wawili walinipita wakikimbia, wanaongea habari za chama. Majambazi wa mama sikuwaona.

Msitu huu nusura ugawanywe viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai alikuja hapa kupanda miti, akapigwa hadi kichwa kikatoka damu. Mama anaikumbuka habari ile vizuri sana, na nadhani ndiyo iliyoziba mlango kichwani mwake: Karura ni damu, basi.

Nikatokea Limuru Road, nikapanda hadi Ruaka, ambako mashamba niliyoyajua yamekuwa magorofa, nikashika bypass ya kaskazini kurudi. Hapo ni malori na upepo wake, sina la kusimulia. Karibu na Marurui nikaacha lami, nikafuata njia ya vumbi kando ya barabara, na msumari ukanipata.

Tairi zangu hazina tyubu. Ndani mna majimaji meupe yanayoziba matundu yenyewe. Tundu hili lilikuwa kubwa. Nilisukuma hadi kwa fundi aliyekaa chini ya mwavuli na beseni lake la maji. Alipochomoa msumari, majimaji yakamrukia suruali.

"Mzee, hii baisikeli inanyonyesha?"

Vijana wa bodaboda walicheka hadi mmoja akakaa chini. Fundi alipangusa ule uji wote kwa gazeti, akatia tyubu ya zamani yenye viraka vitatu, akajaza upepo kwa pampu ya miguu, akaibonyeza kwa kidole gumba. Shilingi 150. Ikanifikisha nyumbani, na mpaka leo haijashuka.

Simu ilihesabu kilomita 41. Mama aliangalia udongo kwenye soksi zangu, akajua nilikopita.

"Ulipita."

"Nilipita, mama. Huko ni salama. Nusura nife Thika Road."

Hakujibu, akanimiminia chai. Jumamosi natoka tena, na tyubu mbili mpya mfukoni.