Simu ya Marekani iliyokosa 4G kijijini

Binamu yetu alimletea mama simu nzuri kutoka Marekani. Nairobi ilishika 4G bila shida, lakini nyumbani Kitui ilishuka hadi 2G, ilhali simu ya bei nafuu ya jirani, yenye laini ya Safaricom kama ya mama, ilicheza video. Fundi alishauri tubadilishe laini. Haikusaidia.

Jibu lilikuwa kwenye namba ya modeli, ambayo huonyesha simu inashika bendi zipi, yaani masafa gani ya redio ya mtandao. Safaricom hurusha 4G kwa 1800 MHz (bendi ya 3) na 800 MHz (bendi ya 20). Hii ya 800 ndiyo husafiri mbali na kupenya kuta, na simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina. Hakuna sasisho la programu linaloongeza bendi. Ni suala la vifaa vya ndani.

Tuliiuza kwa mkazi wa mjini, tukimweleza wazi, tukatafuta modeli ya kimataifa ya laini mbili. Kabla ya kulipa nilisoma orodha ya bendi, nikabonyeza *#06# kulinganisha IMEI (namba ya kipekee ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, kisha nikaweka laini ya mama na kupiga. Muuzaji alinuna kidogo, basi anune. Mama sasa hupiga simu za video akiwa jikoni.