Marat/Sade: vichaa wanasema, mkurugenzi anakatisha

Nimemaliza kusoma Marat/Sade ya Peter Weiss na siwezi kuinyamazia, ile tamthilia inauma jamani. Ilichezwa mara ya kwanza Berlin Magharibi mwaka 1964, ila mambo yenyewe yanatokea Ufaransa 1808, ndani ya hospitali ya vichaa ya Charenton. Marquis de Sade, mwandishi wa Kifaransa ambae kweli alifungiwa pale na kweli alikua anawaongoza wagonjwa kuigiza, anawapanga waoneshe jinsi binti mmoja, Charlotte Corday, alivyomchoma kisu Marat, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, kwenye bafu tarehe 13 Julai 1793. Marat ngozi ilikua inamtesa ndo maana alikua anashinda majini, huku anaandika.

Wengi wakiiongelea wanakimbilia ubishi wa Marat na Sade, na ni mtamu kweli, Marat anataka dunia igeuzwe chini juu hata kwa damu, Sade anamjibu kwamba gereza baya kuliko yote liko ndani ya mtu mwenyewe. Weiss hamalizi huo ubishi.

Lakini mi anaeniganda kichwani ni Coulmier, mkurugenzi wa hospitali. Kaja na mke na binti yake, wamekaa sehemu yao wanaangalia, na kila mgonjwa akigusa njaa au dini au matajiri waliotajirika na mapinduzi huyo ananyanyuka, anamlalamikia Sade kwamba hicho kipande si tulishakubaliana kitolewe, na hayo ni ya zamani, siku hizi tuko chini ya Napoleon mambo yamekaa sawa. Anaemkera zaidi ni mgonjwa anaeigiza Jacques Roux, kasisi aliyekua mwanamapinduzi mkali, kavalishwa shati la mikono mirefu ile ya kuwafunga vichaa, na ndo huyo huyo anaesema wazi kuliko wote pale. Yaani mtu akidai mkate ni ugonjwa, akinyamaza kapona!

Na Corday, mgonjwa anaemuigiza ana ugonjwa wa usingizi, inabidi ashtuliwe ndo aende kuua. Glenda Jackson aliicheza hiyo nafasi kwa mwongozaji Peter Brook kule London na baadae kwenye filamu ya 1967, mtafuteni. Mwishoni wagonjwa wanalipuka kabisa, Coulmier anaamuru wapigwe, Sade anacheka.

Rostock, Ujerumani Mashariki, mwaka 1965 waliiweka stejini Marat akionekana ndo mwenye haki, na Weiss alilipenda hilo. Mi moyo wangu uko kwa Marat pia, ila sitaki nisaidiwe kuchagua.

Ombi langu kwa mwongozaji yeyote anaeitaka hii kazi, usijaze kelele na mate ya vichaa ukadhani ndo umeiweza, na Coulmier usimfanye kichekesho. Mwache awe mstaarabu, anaeamini kabisa kwamba anawatendea wema wagonjwa wake, hapo ndo atatisha.